Sheria ya Mize

Katika miaka ile ya ukame hapakuwa na mtu Kigwasa asiyesikia habari za Asalia, nchi ambayo, kwa maneno ya waliokwisha kufika, hakuna anayelala na njaa. Ilisemekana kwamba huko serikali yenyewe hupita mlango kwa mlango kila Ijumaa ikiwagawia wasio na kitu vipande vya shaba viitwavyo vibaba, na mwenye kibaba chake huingia duka lolote akatoka na chakula bila kuulizwa yeye ni mtoto wa nani. Akina mama wa Kigwasa, waliokuwa wamechoka kupika mizizi, wakakaa wakashauriana. Wakaamua mmoja wao aende akaone kwa macho yake, kisha arudi awafundishe jinsi jambo hilo linavyofanywa. Wakamchagua Siwatu binti Ngwali, fundi cherehani, mjane wa makamo, kwa sababu mbili: hakuwa na woga mbele ya wakubwa, na alijaliwa ulimi. Sababu hiyo ya pili ndiyo iliyokuja kumtokea puani.

Mji mkuu wa Asalia unaitwa Kitovu. Alipofika huko alipokewa na Bwana Tawakali, afisa wa Idara ya Huruma, mtu mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye hata kabla ya kumuuliza jina alimtia mkononi chupa ya kinywaji chekundu, baridi, chenye povu.

“Hii inaitwa Raha,” alisema. “Kunywa, mama. Kwetu mgeni hapewi pole ya safari, hupewa Raha.”

Siwatu alikunywa. Utamu ulimkereketa meno, lakini jua lilikuwa kali na chupa ilikuwa na ubaridi wa asubuhi ya mvua. Akaimaliza yote, na lau si aibu angeomba nyingine.

Bwana Tawakali akamweleza taratibu. Nyumba ya wageni ya serikali ilikuwa imejaa wataalamu waliokuja kuichunguza Idara, kwa hiyo angelala Bondeni, kwa mmoja wa wanaopewa vibaba. Watu hao Asalia hawaitwi maskini, maana neno hilo lilikwisha kufutwa kwa sheria; wanaitwa Wageni wa Serikali. Na kwa kuwa wao wenyewe ni wageni, hawana haki ya kumkataa mgeni mwingine.

“Hata wakitaka kukataa?” Siwatu aliuliza.

“Hawajawahi kutaka,” alijibu Bwana Tawakali. “Hatujawahi kuwauliza, lakini ingejulikana tu.”

Kitovu kimejengwa kwenye mteremko. Juu ni Kilimani, penye chemchemi na bustani, wanakokaa maafisa na wenye mali. Chini ni Bondeni, ambako ardhi ina chumvi na visima vyake vina maji ya rangi ya chai iliyolala. Katikati kimesimama kiwanda cha Raha. Zamani, kabla Siwatu hajazaliwa, palikuwa na bomba lililoteremsha maji ya chemchemi mpaka Bondeni. Bomba lenyewe bado lipo, ila linaishia kiwandani. Linaingia na maji, na upande wa pili yanatoka malori ya chupa nyekundu.

Mwenyeji wake aliitwa Mize, mwanamke mnene, mcheshi, wa miaka arobaini na kitu, aliyevaa kiatu mguu mmoja na kitambaa mguu wa pili. Mumewe, Dachi, mtu wa maneno machache, alivunja mawe ya barabara ya Kilimani. Watoto wao walikwisha kuhamia nchi nyingine. Walikuwa na chumba kimoja na kitanda kimoja, na kitanda hicho wakampa Siwatu, wao wakatandika mkeka nje chini ya paa la makuti. Alipokataa, Mize alimcheka.

“Lala, dada. Sheria ndiyo inayotaka hivyo. Lakini hata sheria isingetaka, mimi mama yangu alinilea.”

Mchana ule Siwatu aliomba maji ya kunywa. Mize akamchotea kwa kata kutoka mtungini, akakaa kumtazama kama anayesubiri mchezo uanze. Siwatu akapiga funda moja, akalitema ukutani. Yalikuwa machungu, yenye chumvi na harufu ya chuma. Mize alicheka mpaka akajifuta machozi.

“Usione haya. Kila mgeni huyatema. Dachi, mletee dada Raha.”

“Lakini maji mazuri hayapatikani kabisa?”

“Yapo. Duka la Kilimani wanayauza katika mitungi iliyozibwa.”

“Na nyinyi si mna vibaba?”

“Kibaba ni cha chakula, dada yangu. Maji si chakula.”

Siwatu alidhani anataniwa. Kesho yake akapanda na Mize mpaka dukani, mwendo wa taratibu kwa sababu ya ule mguu, akaliona tangazo la Idara limebandikwa ukutani nyuma ya kioo. Lilisema kwamba chakula ni kitu chochote kinachoutia mwili nguvu. Raha ina sukari, sukari ni nguvu, basi Raha ni chakula, na kibaba kimoja kinapata chupa nyingi. Maji wataalamu wameyapima mara tatu wasikute ndani yake nguvu yoyote. Kwa hiyo ni anasa, na anasa haiwezi kununuliwa kwa pesa za umma. Muuza duka, kijana mwenye adabu, alipoulizwa kama haoni ajabu, alijibu kwamba yeye hakuwekwa pale kuona.

Mguu wa Mize ulikuwa na habari yake. Kwa miaka mingi alikuwa mwosha chupa pale kiwandani. Siku moja akakanyaga kigae, kidonda kidogo tu, cha kupaka majivu na kusahau. Hakikupona. Alipoanza kuchechemea akaachishwa kazi na kuandikishwa Mgeni wa Serikali, na mganga wa Idara akamwambia ana kisukari.

“Akasema niache vitu vitamu kabisa, na ninywe maji mengi sana,” Mize alisimulia huku akifungua kitambaa. Chini ya kitambaa nyama ilikuwa nyekundu, pembezoni kijivu. “Nikamwambia, basi niandikie hayo maji. Akasema maji hayaandikwi, yanashauriwa.”

Na bado, kila alasiri, Siwatu alimwona akifungua chupa ya Raha, akiketi kizingitini na kuinywa polepole, macho kayafumba. Siku ya nne alishindwa kujizuia.

“Mize, mdogo wangu, unajua kwamba unakunywa kinachokuua?”

Mize hakukasirika. Aliiweka chupa chini.

“Nyinyi watu mnaotoka mbali mnadhani sisi hatujui. Mimi nimeziosha chupa hizi miaka kumi na saba, nisijue kilichomo? Nikinywa maji ya kisima, usiku kucha nashika tumbo. Nikinywa hii, nasimama nikapika, nikafua. Hilo moja.” Akatazama barabara. “La pili sijui kama utalielewa. Unga nagawiwa, maharage nagawiwa, kitambaa cha kidonda nagawiwa. Toka asubuhi mpaka jua linazama, kitu ninachokichagua mimi ni kimoja tu. Ni kibaya, najua. Lakini nimekichagua.”

Siwatu alitamani akamwambie mtu mwenye uwezo, na nafasi ikatokea mapema kuliko alivyodhani.

Bwana Tawakali alimjia na habari kwamba Baraza la Huruma lingekutana kujadili jambo lililoigawa nchi: je, Wageni wa Serikali waendelee kuruhusiwa kununua Raha kwa vibaba? Baraza lilihitaji shahidi aliyeishi Bondeni. Wakazi wa Bondeni wenyewe hawakubaliwi kutoa ushahidi, kwa kuwa desturi ya Asalia inasema mwenye njaa ana upendeleo katika suala la njaa. Mgeni kutoka nje ndiye mtu safi.

“Wewe umeletwa na Mungu, mama,” alisema Bwana Tawakali, akamwachia joho jeupe la mashahidi, lililopigwa pasi.

Habari zikaenea Bondeni kabla joho halijatundikwa. Jioni watu walipita mmoja mmoja kumsalimu Siwatu, wengine na yai, mwingine na kipande cha muwa, wote wakizungumza mambo mengine. Mize peke yake ndiye aliyelisema wazi. Alimshika mkono.

“Dada Siwatu, mimi sikuombi hotuba. Ukisimama pale sema neno moja tu. Maji. Wengine watalimalizia wenyewe.”

“Nitalisema,” Siwatu aliahidi. “Nitalisema mpaka walichoke.”

Ukumbi wa Baraza uko Kilimani, mahali penye upepo. Mbele ya kila mjumbe paliwekwa jagi la maji ya chemchemi na bilauri, na wakati wote wa mjadala wajumbe walimimina na kunywa, wakamimina tena, kama watu wanavyocheza na tasbihi bila kufikiri. Siwatu aliketi kwenye benchi la mashahidi akawasikiliza.

Pande zilikuwa mbili. Upande wa Wakazaji uliongozwa na Bi. Lulua, mwanamke msomi mwenye huruma ya kweli. Hilo Siwatu hakulitilia shaka hata baadaye. Bi. Lulua alisoma hesabu za vidonda, za macho yaliyopofuka, za watu waliokatwa miguu Bondeni, na sauti yake ilitetemeka. “Anayelishwa kwa kodi zetu,” alimaliza, “hana budi kula kwa akili zetu. Tukimpenda, tumnyang’anye.”

Upande wa Waachiaji uliongozwa na Bwana Zaharani, mwenye kiwanda, ambaye pia ndiye mfadhili mkubwa wa Idara. Naye alitetemeka. “Waheshimiwa,” alisema, “watu hawa tumewaondolea mashamba, tukawaondolea kazi, tukawaondolea hata jina la maskini. Leo tuwaondolee na Raha? Uhuru wao wa mwisho?” Akatoa leso akajifuta macho. Hakuna aliyecheka.

Wakabishana mpaka jua likawa la utosi. Mmoja akauliza kama Raha ni haki au hitaji. Mwingine akapendekeza ipunguzwe povu. Mjumbe mmoja mzee, aliyeonekana kama amesinzia, akafungua macho akauliza kama haingefaa kuzungumzia lile bomba. Mwenyekiti akamkumbusha kwa upole kwamba mabomba yako chini ya Kamati ya Mabomba, na kamati hiyo haijakutana kwa kuwa mwenyekiti wake, Bwana Zaharani, ana shughuli nyingi. Mzee akaomba radhi, akafumba macho tena.

Ndipo Siwatu akaitwa.

“Shahidi,” alisema Mwenyekiti, “umeishi Bondeni. Umewaona kwa macho yako Wageni wa Serikali wakinunua Raha kwa vibaba na kuinywa?”

“Nimewaona, mheshimiwa, lakini—”

“Shahidi hujibu aliloulizwa.”

“Ndiyo. Nimewaona.”

Minong’ono ikapita ukumbini. Mwenyekiti alikuwa karibu kumshukuru na kumrudisha kitini, lakini Bi. Lulua akainuka. “Naomba nimuulize swali moja. Mama, yuko mtu mmoja unayemjua, uliyemwona kwa karibu, ambaye Raha imemdhuru? Tusimulie habari zake. Sisi huku juu tunaona hesabu tu, hatuwaoni watu.”

Siwatu akahisi mlango umefunguka. Alisema moyoni: nikiwaonyesha mguu ule, maji watayaona wenyewe. Akaanza kusimulia. Na ulimi wake ulikuwa ule ule uliomfanya achaguliwe Kigwasa. Alimtaja Mize kwa jina. Alisimulia kigae, na kitambaa, na nyama iliyogeuka kijivu. Alisimulia alasiri za kizingitini, macho yaliyofumbwa, chupa mkononi, na mguu uliooza ukining’inia chini yake. Ukumbi ulinyamaza hata mlio wa bilauri usisikike. Bi. Lulua alikuwa analia. Bwana Zaharani mwenyewe aliinamisha kichwa. Siwatu aliona jinsi maneno yake yanavyowashika, akaongeza, akapamba, akashusha sauti pale panapofaa kushushwa. Alipofika mwisho alivuta pumzi ili aseme lile neno.

Makofi yakalipuka. Wajumbe walisimama wote, wa pande zote mbili. Mwenyekiti akapiga kengele kuashiria muda wa shahidi umekwisha, akampungia mkono kwa heshima. Siwatu angeweza kupaza sauti. Hilo ndilo aliloliwaza miaka iliyofuata, kila alipoketi kwenye cherehani yake: angeweza kupaza sauti juu ya makofi, maana hakuwa mwoga, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini makofi yalikuwa matamu. Hakuwa amewahi kupigiwa makofi na wakubwa. Akainamisha kichwa kupokea, akarudi kitini.

Sheria ikapita kabla ya alasiri. Mtu yeyote atakayeonekana akinywa Raha, naye ni Mgeni wa Serikali, atasimamishiwa vibaba mpaka ithibitike kwamba ameiacha. Bwana Zaharani alikubali kwa roho safi, na ili kumfidia hasara, kiwanda kikapewa chemchemi ya pili. Bi. Lulua akapendekeza sheria iitwe kwa jina la yule mwanamke, ili taifa lisimsahau. Wote wakaafiki. Ikaitwa Sheria ya Mize.

Bwana Tawakali alimsindikiza Siwatu mpaka nusu ya mteremko, akimpongeza njia nzima. Siwatu hakusikia. Alikuwa akitafuta namna ya kulieleza jambo hili Bondeni, na kila alivyoligeuza aliona haya.

Hakupata hata nafasi ya kulieleza. Asubuhi iliyofuata, wakati Mize akichambua maharage, walikuja watu wawili wa Idara, wenye sare na kikapu. Walikuwa wapole. Walimwamkia, wakauliza hali ya mguu, kisha wakamsomea. Kwa kuwa ushahidi wa unywaji ulikwisha kusikilizwa Barazani na kukubaliwa bila kupingwa, sheria ingeanza na yeye. Walichukua vibaba vyote vilivyokuwa kwenye kopo chini ya kitanda. Wakachukua na maharage, kwa kuwa yalinunuliwa kwa vibaba hivyo hivyo.

“Hii ni heshima, bibie,” mmoja alimwambia Mize wakati wanaondoka. “Nchi nzima inalijua jina lako.”

Majirani walikuwa milangoni. Mmoja baada ya mwingine wakaingia ndani, na milango ikafungwa. Dachi aliporudi na kusikia yaliyotokea hakupandisha sauti. Alimgeukia Siwatu.

“Tulikupa kitanda,” alisema. Kisha akatoka nje.

Mize alikuwa bado ameketi mbele ya ungo mtupu.

“Neno lile ulilisema?” aliuliza.

“Sikuulizwa,” Siwatu alijibu. “Wanaruhusu kujibu ulichoulizwa tu. Hawakuniuliza habari za maji.”

“Na mimi je?” alisema Mize. “Waliniuliza?”

Siku hiyo hiyo Siwatu alipanda tena Kilimani, joho mkononi. Alimkuta Bwana Tawakali mezani, akamwambia anataka kuufuta ushahidi wake.

“Maji yakimwagika hayazoleki, mama.”

“Basi naongeza. Nilikuwa sijamaliza.”

Bwana Tawakali alisikitika, na huenda alisikitika kweli. Alimweleza kwamba ushahidi wa mgeni haufutwi wala hauongezwi ila na raia, kwa kuwa mgeni akishasema husafiri na hawezi kulaumiwa. Siwatu akauliza atawezaje kuwa raia. Akajibiwa kwamba asiye na mali Asalia huandikishwa kwanza Mgeni wa Serikali, naye Mgeni wa Serikali, kama ajuavyo, hasikilizwi katika jambo lenye upendeleo. Akaomba kuonana na Bi. Lulua. Bi. Lulua alimpokea kwa kumkumbatia.

“Umeokoa maisha ya watu, mama.”

“Wamemnyang’anya hata maharage.”

“Mwanzo wa kila tiba ni mchungu,” alisema Bi. Lulua, akammiminia bilauri ya maji. Siwatu aliitazama, akamwambia asante, akaondoka bila kuigusa.

Hakurudi Kigwasa kama alivyopanga. Aliazima cherehani mbovu, akaitengeneza, akakaa Bondeni kushona viraka, matandiko, na magauni ya wake wa maafisa. Alichokipata kiliingia kwenye chungu cha Mize. Akinunua mtungi wa maji Kilimani aliubeba mwenyewe kichwani, lakini Mize hakuweza kunywa peke yake watu wa mlango wa pili wakimtazama, na mtungi uliisha kabla ya jioni. Siku nyingine walikunywa ya kisima. Raha ilitoweka vizingitini, na Idara ikatangaza ushindi. Kumbe Raha ilihamia nyuma ya nyumba, ikanywewa haraka haraka, kwa kugeuza mgongo, kwa bei ya magendo, na watu wakaanza kuchungulia nani anakunywa, maana aliyepeleka habari alipewa kibaba cha aliyekamatwa. Mize hakuigusa tena. Si kwa sababu ya sheria. Alisema imemtoka tu, kwamba wamemharibia hata ladha yake.

Lakini mguu haukungoja. Weusi ulipanda kutoka vidoleni ukafika kwenye kifundo, na homa ikamshika. Dachi na Siwatu wakambeba kwenye mkokoteni wa mawe, wakausukuma mteremko mzima bila kusemezana, wakipumzika hapa na pale. Hospitali ya Kilimani ilimpokea mara moja, maana daktari alilitambua jina. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Ilipita wiki kabla ya Siwatu kuruhusiwa kumwona. Alipita njia nzima akitunga maneno ya kumwambia, akayatupa yote mlangoni. Mize alikuwa ameketi kitandani, uso umepungua, shuka imelala bapa pale ambapo mguu haupo. Kando ya kitanda palikuwa na jagi kubwa la kioo, limejaa mpaka mdomoni.

“Dada Siwatu,” alisema. “Karibu ukae.”

Siwatu akaketi. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

“Usilie hapa, wagonjwa wamelala. Dachi anakula?”

“Anakula kidogo.”

“Mwambie ale.” Mize akalivuta jagi, akamimina kwenye bilauri. “Yanatoka kwenye chemchemi haya. Asubuhi jagi, jioni jagi. Hawanitozi. Kumbe mtu akilazwa maji huwa ni dawa, huandikwa kabisa na daktari.” Akaiinua bilauri kwenye mwanga wa dirisha. “Nimemwomba muuguzi nimpelekee Dachi japo chupa moja. Amesema dawa ya mgonjwa haitoki nje.”

“Mize, nisamehe.”

Nje, kwenye barabara, lori lilipita likigonganisha chupa, nao wakalisikiliza mpaka likapotea.

“Bado,” alisema Mize. “Sitaki kukudanganya, bado sijakusamehe. Labda nitakuja kuweza.” Akamnyooshea ile bilauri. “Lakini mgeni ni mgeni. Kunywa.”

Siwatu aliipokea kwa mikono miwili. Maji yalikuwa baridi na safi, hayana ladha yoyote. Akajitahidi kuyameza mbele ya mwenyeji wake, moja kwa moja, mpaka tone la mwisho.